Mtaa wa Kulabu

Kwenye ramani niliusoma: Shambles.
Sikio langu la Kongwa likasikia shamba,
nikajisemea, haya, huko mchicha hautakosekana.

Begi kilo kumi na tatu mgongoni,
soksi zimelowa tangu stesheni,
na njaa ile isiyobisha hodi.
York imejifunga mawe kiunoni
kama mtu anayeogopa kuibiwa,
kengele za kanisa kuu zinagombana hewani,
na mvua yenyewe si mvua, ni rasharasha
isiyojua kunyesha wala kuondoka.

Nikaufikia mtaa. Hapakuwa na shamba.
Nyumba za mbao zimeinamiana juu ya vichwa vyetu
kama wambea wawili wenye la kunong'onezana,
na juu ya madirisha, zimepangana,
kulabu.
Nyeusi. Tupu.
Kibao kikaeleza: hapa palikuwa pa wachinjaji,
kingo hizi pana zilibeba mapaja na vichwa,
na damu ilijua njia yake katikati ya mawe.
Sikuhitaji kibao.
Mimi mtoto wa bucha. Kulabu nazijua
kama wengine wanavyojua vitasa vya milango ya kwao.

Siku hizi wanauza sabuni chini yake,
na vinyago vya mizimu, na peremende za maziwa.

Nikauliza chakula.
Nilisema kama ninavyosema nyumbani:
mimi sili kitu chenye mama.
Kijana wa duka la mikate ya nyama akawaza,
kisha, kwa heshima zote, akanionyesha
mkate wa jibini.
Jibini lina mama, nikamwambia.
Akalitazama jibini
kama ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Basi chipsi. Nani asiyejua chipsi?
Nilikwisha kula tatu, za moto, chumvi na siki,
ulimi ukanirudisha utotoni, sikuelewa kwa nini.
Nikageuka: Mama, mmekaangia mafuta gani?
"Ya ng'ombe, mpenzi," akasema kwa fahari,
"kama bibi yangu alivyokaanga."
Kumbe.
Nikampa zilizobaki mzee wa kwenye benchi na mbwa wake.
Mbwa alishukuru zaidi.

Hosteli, saa mbili usiku. Jikoni kuna rafu
ya vitu walivyoacha waliotutangulia:
tambi robo pakiti,
dengu katika mfuko uliofungwa kwa kibanio cha nywele,
kitunguu kimoja kilichoanza kuota,
na nyuma kabisa, limejificha, kopo la tui.
Sijui ni nani. Mungu ambariki alikolala leo.

Nilikikaanga kile kitunguu hadi milango ikaanza kufunguka.
Maureen Thackray, mstaafu wa posta, goti bovu,
anauzunguka ukuta wa mji kipande kwa kipande,
leo siku ya nne,
alikuja na kijiko chake mwenyewe.
Akaonja. Akanyamaza. Akaonja.
"Umetia siagi humu."
Sikutia.
"Umetia," akasema, akajipakulia tena.

Baba alipiga simu tukikwangua sufuria.
Umekula?
Siku zote hilo ndilo swali lake la kwanza,
la pili huwa halipo.
Nimekula.
Leo la pili likaja: Umekula nini?
Dengu za nazi, baba.
Nyuma ya sauti yake nikasikia
jiwe la kunolea likisita.

Nilitaka kumwambia juu ya kulabu,
kwamba nimeuona mtaa mzima ulioacha kazi yake
na haujaweza kuzing'oa.
Nikasema tu: huku kuna baridi.
Vaa sweta, akasema.
Jiwe likaendelea.